Chai inatokea puani baada ya kung'oa gego la juu: hilo ni tundu, si homa

"Daktari habari. Niko Kayole, miaka 33, kazi yangu ni fundi wa stima na Jumapili napiga tarumbeta kwa bendi ya kanisa. Wiki 6 zilizopita niling'olewa gego la mwisho la juu upande wa kulia, lile la hekima, lilikuwa limeoza. Lilisumbua sana, daktari akahangaika nalo karibu saa nzima mpaka likatoka na kipande cha mfupa. Nikaambiwa nisukutue na maji ya chumvi. Siku ya tatu nikinywa chai nikasikia inapanda, kumbe inatokea puani upande ule ule. Nikarudi nikapewa antibayotiki nikapata nafuu, zilipoisha harufu ikarudi na asubuhi kuna kitu cha chumvichumvi kinashuka mdomoni. Kemisti wakanipa zingine, hivo hivo. Tarumbeta sai haitoi sauti, hewa inavuja kwa pua kama tairi imetobolewa na msumari. Mama anasema meno ya juu hayang'olewi yanaharibu macho, shemeji anasema nisubiri itajiziba, daktari mwingine amesema nifanyiwe oparesheni nivutwe nyama ya shavu. Naogopa. Itajiziba ama oparesheni ni lazima? Na nimebakisha magego mawili ya chini yamelala, nikiyang'oa mdomo utakufa ganzi tarumbeta iishe?"

Ndugu yangu, pole sana. Wiki 6 za kunywa chai ukiwa umeinamisha kichwa upande mmoja si mchezo, na najua unafanya hivo hata kama hujaandika, kila mgonjwa wa hii shida hujifunza hiyo mbinu mwenyewe bila kufundishwa.

Nianze na majibu ndio nieleze. Kwa hapo ulipofika haitajiziba. Oparesheni unaihitaji. Lakini si kesho asubuhi, na hapo ndipo watu huharibikiwa, wengine wanakaa mwaka mzima wakimeza dawa za kemisti na wengine wanakimbilia kushonwa kesho yake wakati ndani bado kumejaa usaha, halafu nyuzi zinaachia siku ya tano wanaanza kusema huyo daktari hajui kazi. Kwanza kukaushe ndani, halafu ndio kufungwe. Nitaeleza kwa nini.

Juu ya magego yako ya juu, chini ya jicho, kando ya pua, kuna chumba kitupu ndani ya mfupa, kimoja kila upande. Ndio hiyo sainasi watu husema "niko na sainasi" wakimaanisha inauma. Kwa mtu mzima kinabeba kama mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai, na ndani ni hewa tu. Sakafu ya hicho chumba iko juu kidogo ya mizizi ya magego. Kwa wengine mfupa ulio hapo katikati ni mnene vizuri, kwa wengine ni mwembamba kama ganda la yai, na kuna watu mfupa haupo kabisa, mzizi na hewa vimetenganishwa na utando peke yake. Huwezi kujua wewe ni yupi mpaka upigwe eksirei.

Kwa hivyo gego la juu likivutwa sakafu inaweza kutoboka. Kwako naona kilifanyika zaidi ya kutoboka. Hicho kipande cha mfupa ulichoona ni ile nundu ya nyuma kabisa, pale taya la juu linapoishia. Mfupa wa hapo ni laini, una vishimovishimo kama mkate, na mara nyingi sainasi imeingia mpaka ndani yake. Jino likikataa na daktari akisukuma kwa nguvu, nundu inakatika inatoka na sakafu yake. Hiyo haimaanishi ulipata daktari mbaya, inaweza kumtokea yeyote, mimi imenitokea, na nakumbuka vile moyo wangu uliruka nikiangalia lile jino kwa koleo na mfupa wake umening'inia. Kile sikubaliani nacho ni kukuacha uende nyumbani na maji ya chumvi bila kukuambia kitu. Mfupa ukitoka, unaangalia, unashona hapo hapo na unampa mgonjwa masharti ya pua. Tundu likishughulikiwa siku hiyo hiyo ama kesho yake, kazi huwa ndogo sana.

Shemeji yako hajakosea kabisa, amechelewa tu. Tundu dogo, chini ya milimita 2, mara nyingi hujiziba lenyewe, damu inaganda pale, nyama inaota, mgonjwa hata hajui alikuwa nalo. La milimita 3 mpaka 6 hivi tunaweka sponji ya kugandisha damu na kupitisha uzi juu yake ikae. La 7 kwenda juu lazima litafutiwe nyama ya kufunika. Lakini ukubwa ni nusu ya habari, nusu nyingine ni muda. Ushaona mtu akitobolewa masikio? Ukitoa herini siku ya pili tundu linaziba. Ukiacha herini wiki kadhaa, ngozi inazunguka inaingia ndani ya tundu mpaka inatokea upande wa pili, na hapo hata ukitoa herini tundu linabaki. Ndio kitu kimefanyika kwa ufizi wako. Ngozi ya mdomo imepanda, ya sainasi imeshuka, zimekutana, na sai una kijifereji kimepigwa plasta ndani. Hicho huanza kutengenezeka ndani ya siku chache tu, na kufikia wiki ya pili au ya tatu kimeshakaa. Wiki 6 ni herini ya zamani hiyo.

Na wewe ukaongeza tarumbeta. Sikulaumu, hakuna aliyekuambia, lakini fikiria, kila Jumapili pande la damu ama nyama changa inajaribu kuota pale halafu mtu anapandisha presha ya hewa mdomoni mpaka mashavu yanajaa. Ile hewa unasikia ikivuja imepita kwa tundu, ikaingia sainasi, ikatokea puani. Ukipenga kamasi inafanyika kinyume, hewa inashuka kutoka puani mpaka mdomoni. Tarumbeta iingie kwa kasha lake leo, mwambie kiongozi wa bendi akupe ngoma.

Sasa kuhusu harufu na hicho kitu cha chumvi asubuhi, na kwa nini dawa zimekusaidia halafu zikakuacha. Sainasi imeundwa ajabu kidogo. Mlango wake wa kutolea uchafu haujawekwa chini, umewekwa juu karibu na dari, unafungukia ndani ya pua. Ni kama lile tangi nyeusi la maji halafu bomba la kutoa limefungwa pale juu. Kwa kawaida hiyo si shida kwa sababu ukuta wa ndani una vinywele vidogo sana ambavyo havionekani kwa macho, vinafagia ute kuelekea juu mchana na usiku mpaka unatoka kwa huo mlango, unameza bila kujua. Sasa leta chai ya maziwa, leta punje za wali, leta bakteria wa mdomo. Ukuta unavimba, vinywele vinalemewa, na ule mlango ambao hata ukiwa mzima ni mdogo unafungwa na uvimbe. Uchafu hauna pa kwenda isipokuwa kulala hapo chini na kuvuja kwa tundu usiku ukiwa umelala. Hiyo ndiyo chumvichumvi. Ni usaha, nisikufiche.

Antibayotiki zinapunguza bakteria, ndio unapata nafuu. Lakini tundu liko, kesho unakunywa chai nyingine, bakteria wengine wanaingia. Hakuna kidonge kinachoziba tundu, uwe umenunua cha bei gani. Na kila ukirudia dozi nusunusu za kemisti unawafundisha wale bakteria kuizoea dawa, ikifika siku ya oparesheni tunataka dawa ifanye kazi na haifanyi.

Na hii ndiyo sababu daktari mzuri hatakushona haraka. Tukifunga tundu la chini wakati mlango wa juu bado umefungwa na uvimbe, tumefunga usaha ndani ya chumba kisicho na njia. Utajaa, utasukuma, na sehemu dhaifu kuliko zote ni pale kwa nyuzi mpya. Mama mmoja alinijia akiwa ameshonwa mara mbili kwingine na zote mbili zimeachia, alikuwa ameshakata tamaa, anakula uji na kipande cha pamba amekisokota anakizibia pale. Hatukumfanyia muujiza wowote, tuliosha sainasi yake na maji ya chumvi yaliyo safi kupitia lile tundu lenyewe, tukarudia mara kadhaa kwa wiki mbili tatu mpaka maji yakawa yanatoka meupe bila harufu, ndio tukafunga.

Hapo kwa pamba nisimame kidogo. Usizibe na pamba, usichokonoe na kijiti cha meno kuona linaenda mpaka wapi. Hii tabia ni ya zamani sana. Sainasi hii kwa muda mrefu iliitwa kwa jina la daktari Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliyeielezea mwaka wa 1651, na moja ya visa alivyosimulia ni cha mama aliyeng'olewa jino la chonge akabaki na tundu linalovuja usaha, yule mama akaingiza unyoya wa ndege kupima, ukaingia karibu wote, akashtuka akidhani umefika kwa ubongo. Ulikuwa umejikunja tu ndani ya sainasi. Kwa hivyo kama ulishawahi kuingiza kitu usione haya, lakini usirudie, unalipanua na unapeleka uchafu.

Mama naye tumpe heshima yake. Kung'oa jino la juu hakuharibu macho, mishipa ya kuona haipiti kwa meno, na ningekuwa na shilingi kwa kila mgonjwa amekataa kung'olewa jino la juu akiogopa upofu ningekuwa nimejenga. Kinachoharibu ni ule uozo wanaouacha ndani wakiogopa. Ila paa la sainasi ndiyo sakafu ya jicho, kwa hivyo maambukizi makali ya sainasi yanaweza kupanda. Haifanyiki mara nyingi. Lakini ukiona jicho linavimba ama kope haifunguki, unaona vitu viwili viwili, homa kali na kichwa kinapasuka, shingo imekakamaa, ama damu inatoka puani haikomi, hiyo si ya kungoja kliniki ya Jumatatu na si ya kemisti, hiyo ni kasualti usiku huo huo.

Basi ukienda utafanyiwa nini. Utaangaliwa mdomoni na utaombwa kubana pua na kupuliza polepole kidogo daktari aone mapovu, polepole, maana ukipuliza kama Jumapili utalipanua. Halafu picha. Eksirei kubwa inayozunguka kichwa inaonyesha taya zote, lakini kwa hii shida CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha kichwa vipande vipande, ni bora, inaonyesha tundu lina upana gani, sainasi imejaa kiasi gani, mlango wa juu uko wazi ama umefungwa, na kitu kingine muhimu, kama kuna kipande cha mzizi kilibaki kikaingia ndani. Kikiwa ndani lazima kitolewe, la sivyo hata ushonwe kwa dhahabu itaendelea kuoza. Utaulizwa kama unavuta sigara, kama una sukari, kama umewahi kupigwa miale ya saratani ama kutumia dawa za kukaza mifupa, jibu ukweli, hivyo ndivyo vinavyofanya kidonda kikatae. Na kama kuna kinyama kimeota pale kwa tundu, kipande kidogo kitakatwa kipelekwe maabara. Mara nyingi ni nyama tu ya uvimbe, lakini kidonda chochote mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki kadhaa hatukisii kwa macho, tunapima.

Kabla ya kufungwa utapewa antibayotiki kamili, mara nyingi amoksisilini iliyochanganywa na klavulanati isipokuwa penisilini inakudhuru, useme mapema. Dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe itafungua ule mlango wa juu, lakini hiyo isipite siku 5 mpaka 7, ukizidisha pua inazoea na ikiikosa inaziba vibaya kuliko mwanzo. Na utaoshwa sainasi.

Oparesheni yenyewe sasa, ile "nyama ya shavu" iliyokuogopesha. Kuna njia tatu zinatumika zaidi na usishangae daktari wawili wakichagua tofauti. Ya kwanza ni kuvuta ufizi wa upande wa shavu ufunike tundu, imekuwepo tangu miaka ya 1930. Daktari anakata kwanza ile plasta ya ndani, anaitoa mzima kama pete, kingo zitoe damu upya, bila hiyo hazishikani. Halafu anafungua ufizi. Shida ni kwamba ufizi una utando wa chini unaoshika mfupa na huo hautanuki hata kidogo, kwa hivyo anaukwaruza kwa ndani na ncha ya kisu mstari mmoja tu, na ghafla ile nyama iliyokuwa imekaza inalegea inafika upande wa pili bila kuvutwa. Mimi hupenda sana hapo, mwanafunzi akiona mara ya kwanza anatabasamu. Ubaya wake ni kwamba ile nafasi kati ya shavu na ufizi inakuwa fupi, kwa mtu atakayevaa meno ya bandia ni usumbufu, kwako wewe nafikiria mashavu ya tarumbeta, uliza kuhusu hilo.

Ya pili ni kuchukua mafuta ya shavu. Kila mtu ana kifuko cha mafuta ndani ya shavu, hata mtu mwembamba. Pale nyuma kwa gego la mwisho kiko karibu sana, daktari anafungua kidogo na yale mafuta yanajitokeza yenyewe, manjano kama samli iliyoganda, anayavuta taratibu na koleo ndogo bila kuyararua anayashonea juu ya tundu. Ukiangalia kwa kioo wiki ya kwanza utaona kitu cha manjano halafu chekundu utadhani imeoza, haijaoza, baada ya kama mwezi imefunikwa na ufizi wa kawaida wa pinki. Shavu halibonyei. Kwa tundu la nyuma kabisa na lililotoka na mfupa kama lako, kama ningekuwa mimi nimeona picha na haina kitu cha kunishangaza, ningeelekea huku, wengi huweka mafuta halafu ufizi juu yake, safu mbili. Lakini sijakuona, aliyekuona ana haki zaidi.

Ya tatu ni kugeuza kipande cha kaakaa. Ni nyama nene yenye damu nzuri, lakini inaacha kaakaa likiwa wazi lijaze lenyewe, na hiyo inawaka, kunywa chai moto utasahau. Huwa tunaiweka akiba, kwa yule aliyeshindikana na zingine.

Na kama sainasi yenyewe imeharibika sana ama kuna mzizi ndani, daktari wa masikio, pua na koo anaingia na kamera kwa pua anapanua ule mlango wa juu, ama mpasuaji anafungua dirisha dogo chini ya mdomo wa juu, njia iliyoanza miaka ya 1890. Mara nyingi wanafanya pamoja siku moja na kufunga tundu, na hapo utalazwa usingizi. Kufunga peke yake kunaweza kufanywa kwa ganzi ya kawaida, utasikia kuvutwavutwa tu.

Kinachoamua kama itashika ni wiki mbili za kwanza, na hizo ziko mikononi mwako kuliko mwa daktari. Usipenge kamasi, futa tu. Chafya ikija ifungulie mdomo itoke, usiizuie. Usinywe soda kwa mrija. Sigara, shisha na ugoro ziache kabisa, na kama unatafuna miraa ama muguka ile presha ya kuweka taksini, lile donge la majani, kwa shavu masaa sita hapana. Chakula laini, uji, viazi vilivyopondwa, ndengu, githeri ngojea, na utafunie upande wa kushoto. Na kitu watu hawafikirii, usipulize jiko la makaa. Nimeona nyuzi zimeachia kwa sababu ya jiko, stima ilikuwa imepotea jioni mtu akainama akapuliza mara tatu tu. Wewe fundi wa stima hiyo isikupate. Kubeba mizigo na kuinama kichwa chini kwa nyaya pia punguza hizo wiki mbili, mwambie fundi mwenzako akusaidie. Nyuzi zinatolewa kati ya siku 10 na 14. Damu kidogo puani siku mbili tatu za kwanza ni kawaida.

Tarumbeta mimi singekuruhusu kabla ya wiki 6, na hata hapo daktari awe ameangalia, uanze na dakika chache na noti za chini. Najua Krismasi bendi ndiyo hutafutwa sana, afadhali ukose moja.

Sasa magego ya chini. Unauliza kama mdomo utakufa ganzi, na kwa mtu wa tarumbeta ni swali la maana. Ndani ya taya la chini kunapita mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwa mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya gego lililolala, yaani lililokwama ubavu ndani ya taya, inaweza kuwa imeukaribia ama kuugusa. Ukiguswa wakati wa kung'oa, mdomo unahisi kama ganzi haijaisha. Lakini mshipa huo ni wa kuhisi tu, misuli ya kubana midomo kwa tarumbeta inaendeshwa na mshipa mwingine kabisa, kwa hivyo mdomo haulegei wala hauendi upande, ila utapuliza bila kuhisi vizuri mahali umeweka, na kwako hiyo ni shida tosha. Kwa wengi inarudi ndani ya wiki ama miezi, ya kudumu ni chini ya mtu 1 kati ya 100, isipokuwa kama picha inaonyesha mzizi umekumbatiana na mshipa, hapo hatari inapanda. Kwa hao kuna njia ya kukata kichwa cha jino na kuacha mizizi mahali pake, inafanya kazi vizuri kama mizizi yenyewe haina uozo. Na mtu akiwa na ganzi baada ya kung'olewa asikae nyumbani mwaka mzima akingoja irudi, arudi mapema apimwe, kwa sababu kuna wachache wanaohitaji mshipa ufunguliwe ama uunganishwe kwa darubini na hiyo kazi inafaa ndani ya miezi michache ya mwanzo.

Lakini swali la kwanza ni, yanakuuma? Jino kulala peke yake si ugonjwa. Uingereza tangu mwaka wa 2000 mwongozo wao unasema gego la hekima lisilo na shida lisiguswe, na mimi nakubaliana nao zaidi ya wenzangu wengine. Kama ufizi haujawahi kuvimba hapo, halijaoza na halijaozesha jirani yake, liache, lipigwe picha mara moja moja. Kama limeanza kusumbua tutaongea, ila baada ya juu kupona, si pamoja. Na yale maumivu makali ya siku ya tatu hivi ambayo watu huogopa sana, ya shimo kukauka baada ya lile pande la damu kung'oka, hayo hayahitaji oparesheni, unarudi unaoshwa na kuwekwa dawa shimoni na yanaisha.

Kwa Nairobi unayemtafuta ni mpasuaji wa kinywa, taya na uso, si kila daktari wa meno hufanya hii kazi na asiyefanya atakuambia mwenyewe kama ni mkweli. Hospitali ya Kenyatta wako, hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi wako, na wengine wako kwa hospitali za binafsi. Jina lake liangalie kwa orodha ya KMPDC, lile baraza linalosajili madaktari, mtandaoni, inachukua dakika moja. Foleni ya serikali inaweza kuwa ndefu, lakini kumbuka kwako kusubiri wiki chache ukioshwa sainasi ni sehemu ya matibabu, kwa hivyo ingia foleni leo. Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, uliza dirishani kabla ya kupangiwa siku, uambiwe wanalipa nini na wewe unaongeza nini, wakuandikie.

Yule daktari aliyekuambia oparesheni alikuambia ukweli, rudi kwake umuulize mambo mawili: ataoshaje sainasi kabla ya kushona, na atatumia njia gani. Akikujibu bila kukasirika, umepata mtu. Ukienda beba eksirei ya kwanza kama unayo, paketi zote za dawa ulizomeza hata zilizoisha, na kama lile jino na mfupa wake bado liko nyumbani limefungwa kwa karatasi mahali, libebe pia, ahesabu mizizi aone kama kuna uliobaki.